Picha Linaanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Muvi za Wakaliwood

Kila nikimtumia mtu kiungo cha muvi ya Wakaliwood, baada ya dakika kumi simu inalia. Maswali ni yale yale, na kwa kuwa nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, nimeyakusanya hapa. Ukishasoma bado una swali, tazama muvi kwanza ndipo unipigie.

Wakaliwood ni nini hasa?

Ni studio ya muvi za mapigano iliyoko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa Rubaga jijini Kampala, Uganda. Jina lake rasmi ni Ramon Film Productions. Aliyeianzisha mwaka 2005 ni Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, ambaye watu humwita Nabwana IGG. Nilidhani Ramon ni tajiri fulani wa Kihispania aliyetoa mtaji, kumbe ni Rachael na Monica, bibi zake wawili, yaani yeye ni mjukuu wao, majina yao yameunganishwa.

Usijenge picha ya geti, mlinzi na taa kubwa. Studio ni nyumba yake na ua wake. Anapoishi na mkewe na watoto ndipo wanapofia majambazi, na majirani wakisikia mayowe hawatoki hata kuchungulia.

Nianze na ipi?

*Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010. Usiniletee habari ya kuanza na mpya kwa sababu picha yake ni safi zaidi. Hii ndiyo iliyowatambulisha, na ukiielewa hii nyingine zote zinafunguka zenyewe.

Kisa chake: Kapteni Alex na makomandoo wake wanapambana na genge linaloitwa Tiger Mafia, ambalo kiongozi wake ni Richard, mtu mwenye hasira asubuhi mpaka jioni. Jeshi linamkamata ndugu yake Richard. Richard anaapa kulipiza kisasi, anawatuma vijana wake, na wakifika wanamkuta Kapteni Alex ameshakufa. Wao hawakumuua, wenzake kambini nao hawajui kitu. Hapo anaingia ndugu yake Alex, Bruce U, bingwa wa kung fu, anayetaka kujua nani amemuua ndugu yake. Baadaye kuna helikopta, Kampala inalipuliwa, na serikali inatangaza utawala wa kijeshi.

Kwani nani alimuua?

Muvi haisemi. Nakwambia mapema ili usije ukarudisha nyuma dakika tano za mwisho mara tatu kama nilivyofanya mimi. Steringi anakufa, jina lake liko kwenye bango, swali liko kwenye bango, na jibu hakuna. Sisi tuliolelewa na sheria kwamba steringi hauawi, hili linauma kwa siku mbili hivi, halafu linazoeleka.

Yule anayepiga kelele juu ya muvi ni nani, na namzimaje?

Hazimwi.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalonishangaza kuliko yote likitoka kwa mtu aliyekulia Tanzania au Kenya. Yule ni VJ Emmie. VJ kwa Uganda ni kifupi cha maneno yanayomaanisha mchekeshaji wa video: mtu anayekaa na kipaza sauti ndani ya banda la video, muvi ya kigeni inakwenda, naye anaieleza kwa Kiganda huku akiongeza chumvi yake. Wenyewe wanayaita mabanda hayo *bibanda*. Unaona hilo neno? Sisi tunasema vibanda umiza.

Sasa jiulize wewe uliwajuaje akina Rambo. Mimi nilimjua kwa sauti ya Lufufu. Mikanda ya muvi zilizotafsiriwa ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba Dar es Salaam, na Mchina akifungua mdomo kinatoka Kiswahili cha mtaani, tena chenye kejeli kuliko alichokuwa anasema Mchina mwenyewe. Kenya wana DJ Afro, na mpaka leo kuna watu wakitazama muvi ya vita bila sauti yake wanaona kama imeharibika. Hatukuwahi kumwita Lufufu kelele. Tulimwita mtafsiri, ingawa kila mtu ndani ya banda alijua nusu ya maneno kayatunga.

Tofauti ya VJ Emmie ni hii: wengine huzungumza juu ya kazi za watu wa mbali wasiowajua, yeye anazungumza juu ya muvi za mtaani kwake, na mwongozaji anafahamu tangu siku ya kwanza kwamba sauti hiyo itakuja. Waigizaji wanaongea Kiganda. Emmie anapaza sauti kwa Kiingereza kwa ajili ya watazamaji wa nje: anamtania steringi, anawashangilia wabaya, anakukumbusha kwamba uko Uganda na kwamba moto bado haujawaka. Pigano likianza utasikia "Commando!" na "Supa action!" mpaka jirani yako aulize kuna nini.

Na kuna sababu nyingine ya kutomzima. Toleo la *Captain Alex* lisilo na sauti ya VJ halipo tena. Diski ya kompyuta ilikuwa ndogo, na ili kupata nafasi ya kutengeneza muvi inayofuata Nabwana alilazimika kuifuta iliyopita. Kilichobaki ni nakala ya DVD yenye maelezo ya VJ. Kwa hiyo anayekwambia anatafuta "ile original" anatafuta kitu ambacho mwenyewe alikifuta kwa mkono wake.

Ni kweli ilitengenezwa kwa dola 200?

Dola 200 ndiyo iliyosambaa. Nabwana mwenyewe baadaye akasema hata hiyo ni nyingi, ilikuwa kama dola 85.

Ukishangaa, piga hesabu ya vitu wasivyolipia. Waigizaji hawana mshahara. Mahali pa kupigia picha ni ua, barabara ya vumbi, bonde na kichaka. Kompyuta Nabwana kaiunganisha mwenyewe kutoka vipande vya mashine zilizokufa, na kabla ya hapo alikuwa mfyatua matofali, kwa hiyo vumbi halimtishi. Silaha zinaundwa na Bisaso Dauda, fundi ambaye pia anaigiza: mbao, mabomba, chuma chakavu. Kuna bunduki ya mitutu mingi inayozunguka kabisa, ukiitazama kwa mbali unaweza kuinua mikono. Huyu fundi angezaliwa kwenye mji wenye pesa za sinema angekuwa na karakana yenye jina lake mlangoni.

Cheche za risasi, milipuko na helikopta vinaongezwa baadaye kwenye kompyuta, huku umeme ukikatika ukitaka. Damu ni rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu, inafungwa chini ya shati na kupasuliwa kwa wakati wake. Zamani walitumia damu ya ng'ombe wakaacha, kwa sababu ilileta maradhi.

Kama hawalipwi, walikuwa wanapata nini?

Waliuza. Muvi ikiisha kuhaririwa ilichomwa kwenye DVD, na waigizaji walizipeleka nyumba kwa nyumba, wengine wakiwa wamevaa nguo zile zile za kwenye muvi. Mapato waligawana na studio. Hebu fikiria unafungua mlango na aliyebisha ni yule uliyemwona jana akikatwa kichwa.

Walikuwa na kama wiki moja tu ya kuuza. Baada ya hapo wezi wa kazi walikuwa wameshazirudufu na kuziweka sokoni kwa bei ya chini, na mchezo umekwisha. Ukitaka kujua kwa nini studio ilitengeneza muvi nyingi kwa mfululizo, jibu ni hilo: ya jana haikupi kitu tena, inabidi uwe na ya kesho.

Huyu Nabwana alisomea wapi sinema?

Kwa kaka yake. Sitanii. Alizaliwa mwaka 1973, na utotoni yeye hakuwa mtu wa kwenda kwenye kumbi za sinema. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda, akirudi anamsimulia: fulani kapigwa hivi, kaanguka vile, gari likalipuka. Mtoto anasikiliza, anajichorea mwenyewe kichwani.

Mimi naamini, na hii ni imani yangu tu, kwamba ukitazama muvi zake ukiwa na habari hiyo unaelewa kwa nini zinakwenda mbio namna ile. Ndivyo mtoto anavyosimulia muvi. Hakwambii walikula nini mezani wala jua lilizamaje. Anakwambia "halafu akamrukia, paaa!" Nabwana anaruka vipande vya maongezi kama mtu anayeogopa msikilizaji ataondoka. Kuna watu wanaona huo ni upungufu wa ufundi. Mimi nasikia kaka mtu anasimulia.

Kwa nini kuna wimbo wa mapenzi wa filimbi ndani ya muvi ya vita?

Umeusikia vizuri. Ni "Kiss from a Rose" wa Seal, uliopigwa kwa filimbi. Sina maelezo, ila baada ya kuitazama mara ya tatu siwezi tena kuufikiria wimbo ule bila makomandoo.

Nimemaliza *Captain Alex*. Inafuata ipi?

*Bad Black*, ya mwaka 2016, bila kusita. Nikilazimishwa kuchagua moja tu ya kubaki nayo nitabaki na hii, ingawa moyo utauma.

Hii ina hadithi iliyofungwa vizuri kuliko ile ya kwanza. Bad Black ni mwanamke aliyekulia mikononi mwa watoto wa mitaani, akapanda mpaka akawa kiongozi wa genge. Anamwibia daktari Mmarekani aliyekuja kujitolea mtaani, na katika vilivyoibiwa kuna vibati vya kijeshi vya familia yake, vile askari anavyovaa shingoni vikiwa na jina lake. Daktari anavitaka kwa udi na uvumba, lakini ni mlaini kama andazi la jana. Anayemfundisha kupigana, kutambaa kwenye maji machafu na kuwa komandoo wa mtaani ni mtoto mdogo anayeitwa Wesley Snipes. Namwachia Wesley Snipes jukumu la kukushawishi, mimi nimemaliza.

Ila usicheke tu ukapitiliza. Ndani ya *Bad Black* kuna baba anayeingia kwenye wizi kwa sababu mke yuko hospitali na pesa hakuna. Kuna watoto wanaotumwa barabarani kuomba, na jioni wanahesabiwa mapato yao. Emmie anatania juu ya hayo yote, na utani wake ni ule wa msibani kwetu, wa mtani anayemchekesha mfiwa wakati jeneza liko sebuleni. Mtazamaji wa Texas anaweza asilione hilo, lakini wewe utaliona. Na Texas waliipenda kwelikweli: kwenye tamasha la Fantastic Fest mjini Austin mwaka ule ule wa 2016, ilichukua tuzo ya watazamaji.

Na yule Mzungu anayeigiza daktari, ni mwigizaji wa kulipwa?

Ni Alan Hofmanis, mtu wa New York. Trela ya *Captain Alex* ilipandishwa YouTube mwaka 2010, ikasambaa duniani kama moto wa nyika. Hofmanis aliitazama, mwaka 2011 akapanda ndege kwenda Kampala kumtafuta aliyeitengeneza, na hatimaye akahamia Wakaliga. Akapewa jina la Kiganda, Ssali. Akawa mtu wa kuitangaza studio nje, na ndani ya muvi akawa Mzungu wa kupigwa. Kila studio ya Afrika Mashariki inahitaji Mzungu wa kupigwa, na wachache wamepigwa kwa moyo mkunjufu kama yeye.

Habari ya urafiki wake na Nabwana, pamoja na misukosuko yake, imo kwenye filamu ya hali halisi ya mwaka 2021, *Once Upon a Time in Uganda*, ya Cathryne Czubek. Itazame baada ya hizo mbili. Ukianza nayo utajua siri za damu kabla hujaiona damu.

Watoto wanaweza kutazama?

Hili nalijibu kwa uangalifu kwa sababu dada yangu alishanikasirikia. Damu ni nyingi, vichwa vinapasuka, na kuna matusi. Kwa upande mwingine damu yenyewe inaonekana wazi kuwa ya kuigiza, na wanaokufa wanakufa kwa madaha. Mtoto wa miaka kumi na tatu atacheka. Wa miaka sita ataiga, na mgongo wa kuigiwa ni wako.

Ukitaka inayowahusu watoto wenyewe kuna *Crazy World*. Hapo Tiger Mafia wanateka watoto, bila kujua kwamba wamejiletea mabingwa wadogo wa kung fu. Hao ni Waka Starz, watoto wa pale pale studio, na mapigo yao ni ya kweli, wamefunzwa. Lakini ujue kinachosababisha utekaji ndani ya hadithi: kafara ya watoto. Nchini Uganda jambo hilo limewahi kuliza wazazi wa kweli, kama ambavyo kwetu tumelizwa na habari za kuuawa kwa albino. Nabwana analichukua jinamizi hilo na kuwapa watoto wenyewe mateke ya kulikabili. Muvi ilitengenezwa miaka ya 2010, na mwaka 2019 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, katika kundi la muvi za usiku wa manane.

Hivi unazipenda kwa sababu ni mbaya, sivyo?

Sivyo.

Najua msemo huo, kwamba kitu kimekuwa kibaya mpaka kimerudi kuwa kizuri. Unamhusu mtu aliyetaka kutengeneza kitu cha heshima akashindwa bila kujua. Nabwana anajua helikopta yake ni ya kompyuta, na Emmie anakwambia kabla hujatamka. Muvi inacheka na wewe, tena inaanza kucheka kabla yako.

Sasa kasoro zipo, nisije nikaonekana wakala. Sauti kwenye *Captain Alex* ni ya kubahatisha, kuna mahali upepo unaongea kuliko waigizaji. Katikati pale kambini inavutavuta. Kumtofautisha komandoo na komandoo ni kazi, kwa sababu mwigizaji mmoja anaweza kufa asubuhi na mchana akarudi kikosini. Lakini tazama ngumi. Bruce U anajua kupigana, kamera inajua mahali pa kusimama, na pigo linakatwa pale pale linapotua. Nimeona muvi za mamilioni ya dola ambazo steringi anarusha ngumi na kamera inatikisika ili usigundue kwamba hajui. Wakaliga hawana pesa ya kukuficha kitu.

Kiganda sijui. Nitaelewa?

Kuna maandishi ya chini kwa Kiingereza, na yana utani wake. Zaidi ya hapo, masikio yako yatakushangaza. *Omuntu, abantu, omwana, abaana, ennyumba, ennyama*: hayo yote unayajua, yamevaa kofia tu. Rafiki yangu Mmarekani anasoma maandishi mwanzo mwisho. Mimi nikifika robo tatu ya muvi huwa nimeshaacha kusoma, na sidhani kama nimepoteza kitu.

Nazipata wapi bila kuibia?

YouTube, kwenye chaneli ya studio wenyewe. *Captain Alex* imewekwa pale nzima, bure. Tafuta yao wao, usitazame ya mtu aliyeipandisha kinyemela, maana ukikumbuka ile wiki moja ya kuuza DVD utaona aibu. Diski zenye picha safi nazo zimetolewa Marekani, kwa wanaopenda kukusanya.

Bando: picha si kali, hata ubora wa chini unatosha.

Pesa zimewafikia, au dunia inacheka tu bure?

Zimefika kiasi. Mwaka 2015 walichangisha kupitia Kickstarter kwa ajili ya muvi iitwayo *Tebaatusasula: Ebola*. Walichoomba ni dola 160. Soma tena: mia na sitini. Walichopata ni zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, wakapeleka *Football Kommando*. Waliokuwa wanabisha hodi Nateete, mtaa wa Kampala, na DVD mkononi wakaonyeshwa pamoja na wasanii wa makumbusho. Kuhusu jina *Tebaatusasula*, maana yake kwa Kiganda ni kwamba hawakutulipa. Sisemi zaidi.

Kuna iliyotafsiriwa Kiswahili?

Mimi sijaikuta, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, kwa sababu muvi hizi zimeacha kiti wazi. Ziliumbwa zikiwa na nafasi ya mtu mwingine kuongea juu yake, na kwetu wenye mdomo hawajaisha.

Mwezi uliopita umeme ulirudi saa mbili usiku, tukawasha *Captain Alex* sebuleni, watu kama tisa. Spika ikaanza kukoroma, tukaizima kabisa tubaki na picha. Mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye darasani wanasema haongei, akachukua rimoti akaiweka mdomoni kama kipaza sauti. "Picha linaanza! Kampala, jua kali, hata mbu wamevaa kofia." Mama yangu akaacha kuchambua mchele. Kijana akampa kila komandoo jina la mtu wa mtaani kwetu: muuza chipsi akawa mlenga shabaha, fundi cherehani akauawa mapema na kuliliwa sana. Richard alipotokea na hasira zake, mpwa wangu akanyamaza kidogo, akashusha sauti, akampa jina la mwenye nyumba wetu.

Kodi ilikuwa imepita siku nne. Watu wote wakageuka kuangalia mlango.